Mgongo Uliovaa Sare

Miaka ile mitandao ilipoanza kuingia kwenye simu za vijana, kulikuwa na binti aliyesimama safu ya nyuma ya kwaya kwa miaka sita, akisubiri zamu ya kuimbisha. Zamu ikapewa mgeni wa miezi mitatu. Mgeni alipoimba, watu walifumba macho. Binti aliyaacha yake wazi, apate kuona ni nani na nani wamefumba.

Jumamosi moja, baada ya mazoezi, akamwona mgeni akiingia gesti na mwanamume wa makamo. Akatoa simu. Picha ilipata migongo tu: kitenge cha kwaya chenye maua ya njano, na mkono wa mwanamume begani. Akairusha mtandaoni kwa jina la bandia: "Wanakwaya wetu hao, mchana kweupe! Mtajeni."

Hakuandika jina. Utamu wa umbea uko wapi, kama si katika kukisia?

Wakakisia. "Mrefu huyo, wa safu ya nyuma!" "Si ndiye aliyeposwa juzi? Wakwe wamepata mke, jamani!"

Alisahau nini? Kwamba vitenge vyote vilikatwa kwenye jora moja, vikashonwa na fundi mmoja, na kwamba yeye na mgeni walilingana kimo.

Jumapili, nje ya kanisa, shangazi wa mchumba wa binti akamwonyesha simu.

"Mwanangu, huyu si wewe?"

"Si mimi, shangazi."

"Tutajuaje? Sura haipo."

Angesema nini? Kwamba yeye ndiye aliyepiga picha?

Mgeni alikuwa hatua mbili nyuma yao. "Shangazi, huyo ni mimi. Na huyo ni baba yangu mdogo, amekuja kutibiwa macho. Haoni, ndiyo maana kanishika bega."

Shangazi akamkumbatia binti. "Nilijua tu si wewe!"

Posa ikabaki. Binti akakumbatiwa, akiwa bado kimya, mbele ya mwenzake ambaye sasa watu walikuwa wakimkodolea macho.

Ndugu zangu, tunamwonea huruma nani kati ya hao wawili? Nami nawauliza, nikijiuliza mwenyewe: ni mara ngapi tumekumbatiwa namna hiyo?

Simu zetu tumezizima kwa ajili ya ibada. Tukiziwasha hapo nje, tutakuta mgongo wa mtu, na watu wanakisia. Kabla hatujataja jina, tuitazame nguo. Ni sare yetu.