Mswala Uliotundikwa Ukutani

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti, kando ya mto Dijla, aliishi mzee mmoja aitwaye Wathila bin Nubata. Kazi yake ilikuwa kuchonga kalamu za matete, na wanakili wa msahafu walizitafuta kwa sababu hazikuwa zikidondosha wino. Alikuwa mtu wa ibada na mwenye haya, na maneno yake yalikuwa machache. Watu wa mtaa walimwekea amana zao na kumwita awe shahidi katika ndoa zao, kwani hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, hata wa mzaha.

Yeye na mkewe, Bi Rayta, walijaaliwa mtoto mmoja tu, binti, naye aliolewa mbali, katika mji wa Mosuli. Siku moja msafiri akawaletea barua. Mume wa binti yao amefariki dunia, ameacha mayatima watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Binti hakuomba kitu. Aliwasalimu tu, akawaombea dua, na mwandiko wake ukawa unapanda na kushuka.

Bi Rayta akaikunja barua, akasema, "Tunakwenda."

Siku ileile wakaazimia kuiuza nyumba na kuhamia Mosuli moja kwa moja, maana umri wao haukuwa tena wa kwenda na kurudi. Msafara wa mwisho kabla ya mvua ulikuwa uondoke baada ya siku kumi na mbili.

Wathila akamwendea dalali wa nyumba, mtu mchangamfu aitwaye Dhakwani. Dalali akaja, akagonga milango, akatazama dari, akazunguka uani mara mbili, kisha akasema, "Sheikh wangu, nyumba ni njema, ila imekaa kizee. Mnunuzi huamua akiwa bado kizingitini. Nipeni siku nne niipambe."

Siku hizo nne hapakuwa na pa kukaa. Vyungu vyeusi vikapelekwa kwa jirani. Matete yaliyojaa barazani yakaondolewa. Uani pakafagiliwa na kunyunyizwa maji, na mikomamanga miwili ikaletwa ndani ya mitungi, ikawekwa kana kwamba imeota hapo tangu zamani. Milango ikapakwa mafuta ya ufuta mpaka ikang'aa, udi ukafukizwa asubuhi na jioni. Bi Rayta akitaka sahani ya kulia, anaambiwa zimepangwa zitazamwe, zisiguswe. Wathila naye akawa kama mgeni katika nyumba alimozaliwa. Akiketi huku anaondoshwa, akienda kule anakuta pameoshwa. Kisu chake cha kuchongea kalamu alikitafuta siku nzima asikione.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomkosesha raha ni chumba cha ndani.

Chumba hicho kilikuwa na ukuta upande wa mtoni. Kila mto ulipofura, maji yalipenya chini kwa chini, na chumvi ikaula ule ukuta wa matofali ya udongo mwaka baada ya mwaka. Palikuwa na ufa kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu, na mkono mzima ungeweza kuingia. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa Wathila na mkewe hawathubutu kulala humo.

Dhakwani akauziba ufa kwa udongo na kuupaka chokaa. Kesho yake unyevu ukatokeza. Akapaka tena, ukatokeza tena. Mara ya tatu dalali akacheka, akauchukua mswala wa sufu ambao Wathila alipewa zawadi na hujaji mmoja, akautundika palepale.

"Hapo pamekwisha," akasema. "Na mnunuzi akija, wewe Sheikh uwe umeketi hapa chini yake, msahafu mbele yako. Mtu akiona yumo katika nyumba ya mcha Mungu, hata ukuta haugongi. Hutasema uongo wowote. Hutasema kitu kabisa."

"Na akiniuliza?"

"Nani atakuuliza wewe, Sheikh?"

Neno hilo lilimchoma Wathila. Nafsi yake ilikuwa imekwisha kumpangia udhuru: ni kwa ajili ya mayatima, msafara haungoji, na mnunuzi ana macho yake. Akaukubali udhuru huo, kisha akaukataa, kisha akaukubali tena. Aliposimama kuswali alasiri alisahau amefikia rakaa ya ngapi. Akairudia sala, akasahau tena. Akatoka uani, akarudi chumbani, akaunyanyua mswala, akagusa ukuta kwa kiganja, akaushusha. Baada ya muda kidogo akarudi tena.

Bi Rayta alikuwa akimtazama. "Bwana, kuna nini katika ukuta huo usichokijua?"

"Nakijua chote. Hiyo ndiyo taabu yangu."

Bi Rayta akasema, "Mimi nawataka wajukuu wangu, sikufichi. Leo asubuhi nimemwomba Mola atuletee mnunuzi asiye na macho makali. Nilipoitikia amina nikaona haya, nikajifunika uso."

Kila mmoja alimwonea huruma mwenziwe, wala hakuna aliyethubutu kumwamulia mwingine.

Siku ya tano dalali akaja na mnunuzi, mshona viatu aitwaye Hurayth bin Sinani, aliyemshika mkono mama yake mzee. Walimkuta Wathila ameketi kama alivyoelekezwa, msahafu umefunguliwa, macho yake juu ya aya asiyoisoma. Dhakwani akaonyesha milango, akaonyesha uani na mikomamanga. Hurayth akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Yule mama aliposimama katika chumba cha ndani akamtazama mzee na msahafu wake, machozi yakamlenga. "Mwanangu," akasema, "usitafute kwingine. Humu imesomwa Kurani. Mimi ngazi siziwezi tena, nilazeni humu chini. Kichwa changu kiwe pale, chini ya ule mswala."

Wathila akafunga msahafu. Akainuka, akauvuta mswala mpaka ukaanguka, akachukua kijiti na kukwangua chokaa mbichi. Udongo ukamomonyoka, ufa ukaonekana.

"Mama yangu," akasema, "usiweke kichwa chako hapa. Ukuta huu umeliwa na maji tangu chini. Sisi wenyewe hatulali humu."

Dhakwani akageuka pembeni na kushika kichwa. Hurayth akatazama ufa, kisha akamtazama mzee kuanzia kilemba hadi miguu.

"Na hii chokaa, nani aliipaka?"

"Ilipakwa kwa idhini yangu."

"Na wewe kukaa hapa na Kitabu cha Mwenyezi Mungu?"

"Nilikaa ili usigonge ukuta," akajibu Wathila.

Hurayth akasema kwa hasira, "Mwizi ana afadhali, mzee wangu. Yeye hajifichi nyuma ya msahafu." Akamshika mama yake mkono, wakatoka. Dalali naye akaondoka asiage, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umekwisha sikia.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba mzee alipata utulivu papo hapo kwa kuwa amesema kweli. Hakuupata. Wapo waliomsalimu wakiwa wanatazama kando. Mmoja alikuja kuchukua amana yake. Wathila akaleta istighfari, kisha hofu ya wajukuu ikamrudia, akajiuliza kama amewadhulumu mayatima kwa ajili ya raha ya nafsi yake. Akarudisha mikomamanga kwa wenyewe, akakwangua chokaa yote iliyobaki, na kila aliyekuja kutazama nyumba alimwanzia na ule ukuta kabla hajamwonyesha mlango. Walikuja watu sita. Hakuna aliyerudi.

Siku ya kumi na mbili wakasikia kengele za ngamia zikipita. Wathila akampa mtu wa msafara barua ya kumpelekea binti yao, akasimama njiani mpaka vumbi likatua. Aliporudi alimkuta Bi Rayta akifungua mizigo, akivirudisha vyungu mahali pake kimoja kimoja, analia bila sauti.

"Umenikasirikia?" akamuuliza.

"Nimeikasirikia njia kwa urefu wake," akasema. "Wewe nisaidie kubeba hiki."

Mvua za kwanza zikanyesha. Wiki chache baadaye mlango ukabishwa, akasimama Hurayth, peke yake, joho lake limelowa.

"Nimetazama nyumba tisa tangu nitoke hapa," akasema. "Wenyewe wote wameniapia kwamba hazina kasoro hata moja. Nimeogopa. Yako walau najua palipoharibika. Tuelewane bei ya nyumba yenye ukuta mbovu, nami nitaujenga upya."

Wakaelewana, na kesho yake Hurayth akaja na fundi. Fundi akapiga nyundo mara mbili. Hakuwahi kupiga ya tatu. Ukuta wote uliingia ndani kwa mara moja, ukaanguka pale pale ambapo yule mama alitaka kulazwa, na vumbi likajaa nyumba nzima. Lilipotua, Hurayth alikuwa ameushika mkono wa Wathila. Mzee naye ikabidi aketishwe.

Mama yake Hurayth akakataa wazee wale wapange chumba kwingine. Wakakaa nao nyumbani kama ndugu hadi mvua zikaisha, na msafara wa kwanza uliofunga safari ukawachukua hadi Mosuli. Huko Wathila aliwalea wajukuu wake kwa miaka tisa. Habari ya nyumba ilimtangulia, na watu walipotaka kumsifu kwa uaminifu wake, alikuwa akiwazuia kwa mkono na kusema, "Msinihesabie neno lile moja. Nihesabieni siku zile nilizokaa kimya, kisha mniombee msamaha."

Ndugu zangu waumini, mja mwema naye huteleza. Mzee yule alikwisha keti penye udanganyifu, tena kwa sura ya ibada, na bado Mola alimwachia mlango wazi mpaka dakika ya mwisho. Anayehisi moyo wake hautulii juu ya jambo alilolifunika, asikimbilie kuutuliza, huenda hiyo ikawa ni rehema inayomgonga. Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kufunua kabla hakijaanguka kitu juu ya mtu. Amin.