Mgeni wa Bi Somoe

Paukwa! Itikieni pakawa, ila polepole, mazimwi yana masikio.

Palikuwa na Bi Somoe, mwenye adabu kuliko wote kijijini. Zimwi haliingii nyumba bila kukaribishwa, naye alilijua hilo. Mchana mmoja likaja mlangoni kwake.

"Hodi." Akanyamaza.

"Hodi." Akauma ulimi.

"Hodi." Akajiziba mdomo kwa kanga.

Zimwi likageuka kuondoka. "Haidhuru," likasema. "Nitawaambia majirani huyu mama hakufunzwa kwao."

"Nimefunzwa, bwana," akajibu Bi Somoe. "Karibu ndani."

Likaingia, likamla kuanzia miguuni, taratibu, mfupa kwa mfupa. Lilipofika kifuani, Bi Somoe akasema kwa haya, "Niwie radhi, mgeni wangu, chumvi imeniishia."

Na mie ngano imeniishia.