Kipande Kikubwa cha Muhogo

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zama za mkoloni alikuwapo kadhi mchamungu, Sheikh Mshamu bin Faki, aliyehamishwa kutoka Mafia na kupelekwa mji mmoja wa bandari huko kusini. Kwao alikuwa na minazi na shamba la muhogo. Ugenini alikuta kila kitu ni cha kununua: kuni, nazi, hata maji ya kunywa. Kodi ya nyumba peke yake ilimeza nusu ya mshahara. Alipomweleza Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alijibiwa, "Kadhi aliyekutangulia alilipwa huo huo, wala hakulalamika."

Lakini mji mzima ulijua kwamba kadhi yule aliyetangulia aliishi kwa rushwa.

Ikaingia Ramadhani. Tajiri mmoja, Bwana Mselemu, alikuwa amemshitaki mjane aitwaye Bi Hadia, akidai nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Siku moja kabla ya hukumu, jua likikaribia kuzama, mtumishi wa tajiri alileta kwa kadhi sahani kubwa iliyofunikwa kawa. Ndani mlikuwa na pilau ya mbuzi, na pembeni noti zilizokunjwa kwenye jani la mgomba. Watoto waliacha kucheza, wakaifuata harufu.

"Irudishe, mama Siti," Sheikh alimwambia mkewe, Bi Mwatumu.

"Sahani ya futari hairudi bila kitu cha jikoni kwetu, Sheikh. Tutaonekana hatuna adabu."

"Basi tia tulicho nacho."

Chunguni mlikuwa na muhogo wa chumvi, bila tui. Bi Mwatumu alichagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiweka juu ya pilau ile ambayo haikuguswa, kando ya noti zile zile, akafunika. Akamwambia mtumishi kwa upole, "Wape salamu zetu. Waambie futari yetu ndiyo hii, tumegawana."

Bwana Mselemu alipoliona kawa limerudi, alicheka. "Ameona kidogo huyu! Anataka niongeze."

Mkewe akafunua. Aliutazama ule muhogo mkavu, machozi yakamlengalenga. "Baba Rajabu, watu hawana hata nazi, na bado wametuchagulia kipande kikubwa. Sisi tuna nyumba, kisha tumtoe mjane kwenye yake?"

Adhana ilipolia, tajiri alifuturu kwa ule muhogo. Pilau hakuigusa.

Asubuhi barazani, kabla Sheikh hajafungua kinywa, Bwana Mselemu alisimama. "Nyumba ni ya Bi Hadia. Nilijua tangu mwanzo. Namwomba yeye radhi, na namwomba Mola maghufira."

Wanawake walipiga vigelegele hadi Bwana Shauri akachungulia dirishani.

Mshahara wa Sheikh haukuongezwa hata senti. Ila jioni ile Bwana Mselemu alibisha hodi kwake, mikono mitupu.

"Leo sikuleta kitu, Sheikh. Nimekuja kufuturu."

"Karibu, ndugu yangu. Muhogo upo."

Akala, na akaomba aongezwe.

Ndugu zangu, njaa ya Ramadhani ile ilipita kama zipitavyo njaa zote, na wajukuu wa Bi Hadia walizaliwa ndani ya nyumba ile. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Mshamu, na amrehemu Bi Mwatumu, ambaye katika dhiki yake hakutafuta kipande kidogo.