Kakakuona na Vyungu vya Baraza

Nifungue?

— Fungua!

Nifunike?

— Usifunike!

Kifuniko nikiweke wapi?

— Kitupe uani!

Haya, nimekitupa. Sogeeni. Wewe Mwajabu, kunde ziendelee kumenywa, sijaona masikio yakimenya kunde. Na hiyo taa izimeni, moto unatosha. Mama yangu alipokuwa akitusimulia, hapa hapa, ua ulikuwa wa mabua na moshi ulituumiza macho, lakini hakuna aliyeondoka. Nautamani ule moshi mpaka leo.

Zamani, zamani ya mbali, wanyama walipokuwa wakijibizana kama mnavyojibizana nami, kulikuwa na nchi yenye chemchemi moja. Maji yake yalikuwa baridi hata jua likiwa la utosi, na matamu, na safi hata ukaona vijiwe vyeupe chini. Mtawala alikuwa Tembo. Na Tembo, wajukuu zangu, hakujua kunong'ona. Akisema neno barazani, hata panya aliyelala shimoni alilisikia.

Baraza la Tembo lilikaa uwanjani, peupe. Mwenye mtoto alikuja na mtoto, mwenye kazi ya mkono alikuja nayo. Neno likishakatwa, Tembo aliuliza, "Mmesikia?" Wakaitika, "Tumesikia!" Akauliza tena, "Mmesikia?" "Tumesikia!" Mara ya tatu akauliza, "Nani hakusikia?" Kama yupo, linarudiwa. Ilikuwa inachosha, siwadanganyi. Lakini walipokuja kulikosa baraza lile, walililia.

Tembo akafa. Akatawala Chui.

Chui mnamjua. Anatembea polepole, anasema polepole, na chakula chake anakificha juu ya mti wenzake wasikione. Siku ya kwanza tu alisema, "Maneno ya utawala si ya kumwagwa uwanjani kama maji ya kuoshea vyombo. Kuanzia leo yatawekwa chunguni."

Basi ikawa hivyo. Baraza likahamia ndani. Neno likikatwa, Chui aliinama akalisemea ndani ya chungu, mdomo wa chungu ukazibwa upesi kwa udongo wa kichuguu, maana huo ukikauka ni mgumu sana. Kisha chungu kikapelekwa kwenye kibanda kisicho na dirisha.

Akatafutwa mlinzi.

"Fisi?" wakauliza wakubwa wa baraza.

"Ana meno makubwa," akasema Chui, "atazitafuna siri zetu."

"Tumbili?"

"Ana meno madogo, ataziguguna."

"Kakakuona?"

"Huyo!" Chui akacheka. "Hana hata jino moja. Huyo ndiye."

Wakubwa wote wakapiga makofi. Wakamtazama mdomoni, kweli, hakuna jino. Lakini hakuna aliyemwambia atoe ulimi, na ulimi wa Kakakuona ni mrefu kuliko mkia wa ndama. Wala hakuna aliyeuliza yule anakula nini. Mnajua anakula nini?

— Mchwa!

Anakula mchwa. Na vyungu vimezibwa kwa udongo wa kichuguu. Ndiyo akili ya watu wanaokaa ndani peke yao wakipigiana makofi.

Kakakuona aliapishwa. Aliweka mkono juu ya chungu cha kwanza akasema, "Nikitoa neno la baraza, nisikanyage tena chemchemini." Aliapa kwa kitu alichokipenda kuliko vyote. Kila asubuhi alikuwa akienda kule na shoga yake, Bi Paa, wakinywa, wakiongea, wakicheka mpaka jua linapanda. Na kazi aliifurahia. Tusimlaumu, kuitwa na wakubwa kunanoga.

Ukaja mwaka wa ukame. Majani yakakauka, visima vikakauka. Ikabaki chemchemi ile ile, na mto. Asubuhi moja Nyani, mpiga mbiu wa Chui, akapanda juu ya jiwe:

"Chemchemi inaumwa! Maji yamechafuka! Nendeni mtoni! Baraza limesema, msiulize!"

Wakamwuliza, "Inaumwa nini?"

"Msiulize!"

"Itapona lini?"

"Msiulize!"

"Na mtoni si yupo Mamba?"

Nyani akashuka jiweni akaenda zake.

Wakaenda mtoni, wafanye nini? Kiu haina subira. Siku moja Mamba alimchukua mtoto wa Nguruwe. Siku nyingine alimchukua mtoto wa Pundamilia. Siku nyingine tena alimchukua mtoto wa kwanza wa Bi Paa, mbele ya macho ya mama yake. Bi Paa akabaki na mmoja, binti mdogo, jina lake Kipaa.

Bi Paa akaja mlangoni kwa shoga yake. Hakucheka kama zamani. Aliegemea mlango tu.

"Shoga, hiyo chemchemi itapona lini?"

"Sijui, shoga yangu," akasema Kakakuona. "Mimi ninalinda tu. Vyungu vimezibwa."

"Hukuwahi kusikia hata neno?"

"Sijasikia."

"Basi leo alasiri nakwenda mtoni. Kipaa midomo imempasuka, hana mate. Nina huyu mmoja tu, shoga. Niombee."

Akaondoka. Kakakuona akarudi ndani akakaa katikati ya vyungu.

Mara akaona kitu. Mstari mwembamba wa mchwa unapanda ukutani, unaingia kwenye udongo wa chungu kimoja, wamehamia humo na wana wao. Kakakuona alikuwa hajala. Akatoa ulimi. Akalamba mara ya kwanza, mchwa wakapungua. Akalamba mara ya pili, udongo ukalegea. Akalamba mara ya tatu, kizibo, pwa! chini. Na sauti ya Chui ikatoka chunguni, ya polepole vile vile:

"Chemchemi ni nzima. Maji ni matamu kama ya siku zote. Waambieni inaumwa, tupate kunywa wenyewe mpaka mvua irudi. Mtoni yuko Mamba, lakini hayo ni yao. Na mayai ya Kanga yako nyuma ya kichaka cha miiba, tutayafuata."

Kakakuona akainuka, magamba yakagongana. Akaokota udongo ule akaulowesha kwa mate, azibe. Akakumbuka kiapo, akausogeza kwenye chungu. Akamkumbuka Kipaa, akauweka chini. Akauokota tena, akauweka tena. Mara ya tatu aliurusha nje ya mlango, akaziba chungu kwa kiganja chake, akakikumbatia, akaenda.

Akaenda kwa nani? Kwa vyura.

Vyura walikaa kwenye bwawa la magadi, maji yasiyonyweka hata na mbuzi. Kazi yao ilikuwa moja tangu enzi za Tembo. Neno la wengi likiletwa kwao, waliliimba wote kwa pamoja, hakuna aliyeimba peke yake, na hakuna aliyeambiwa lililetwa na nani. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mnene, Bi Chura, mwenye macho ya kukutazama mpaka useme ukweli.

"Shikamoo, Bi Chura."

"Marahaba. Umebeba nini, mlinzi wa wakubwa?"

"Nimebeba maneno yao."

"Umeambiwa au umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Sikiliza nawe." Akaondoa kiganja, chungu kikasema.

Vyura wote wakasogea. Bi Chura akauliza, "Tukiliimba, nani ataumia asiye na kosa?"

Kakakuona akafikiri. "Kanga. Fisi atasikia mayai yaliko."

"Basi la mayai hatuliimbi, Kanga ataambiwa sikioni. Na tusipoimba, nani ataumia?"

"Kipaa!" akasema Kakakuona, na machozi yakamtoka. "Alasiri hii, Bi Chura. Wako njiani sasa hivi."

Na wewe, hutaumia? Bi Chura hakumwuliza hilo. Alimtazama tu, akajua.

Sasa, vyura hawaimbi jua likiwaka. Hamjawahi kuwasikia mchana wa kiangazi. Lakini siku ile waliimba, na mkijua niitikieni, mama yangu alituitikisha hivi:

Chemchemi nzima!

— Nzima, nzima!

Maji matamu!

— Matamu, matamu!

Chungu kimesema!

— Kimesema!

Mtoni, Kipaa alikuwa ameshainama. Midomo inakaribia maji. Gogo moja lililokuwa mbali limekuwa karibu, na gogo lina macho. Wimbo ukafika. Bi Paa akainua masikio, "Nzima?" Kipaa naye akainua kichwa asikilize. Papo hapo Mamba akaruka, meno yakafunga, kha! Akakamata upepo. Walikuwa wameshakimbia.

Walikimbilia wapi? Chemchemini. Na nchi nzima ikakimbilia huko huko. Wakawakuta Chui na Nyani na wakubwa wamelala chali majini, matumbo juu, wanakoroma.

Bi Paa akapenya mbele. Aliinama akanywa, Kipaa akanywa kando yake. Kisha Bi Paa akalia kwa sauti, kwa sababu maji yalikuwa yale yale, yenye ladha ile ile ya asubuhi zao za zamani, na mtoto wake wa kwanza amekufa kwa kuyakosa. Pundamilia akalia. Nguruwe akalia. Wazee walikunywa wakafumba macho, wakasema, "Ndiyo haya. Ndiyo haya ya Tembo."

Chui akaamka, akaona umati. Hakusema "nimekosa." Hawa hawasemi. Alisema, "Nani ametoa neno la baraza?"

Akaenda bwawani, umati nyuma yake. Akasimama ukingo huu, vyura wa ukingo huu wakanyamaza, wa ukingo ule wakaimba. Akazunguka ukingo ule, wakanyamaza, wa huku wakaimba. Alizunguka mpaka ulimi ukamtoka nje.

"Bi Chura! Nani aliwaletea?"

"Tumesahau."

"Nitafukia bwawa hili!"

"Lifukie. Tumesahau."

"Nitawafukia na watoto wenu humo humo!"

Bi Chura akawatazama viluwiluwi wake. "Tumesahau," akasema, safari hii polepole.

Chui akaanza kusukuma udongo kwa miguu. Ndipo akajitokeza Kakakuona, chungu kitupu mkononi.

"Waache. Ni mimi."

"Wewe!" Chui akashangaa. "Mbona huna meno?"

Watu wakacheka. Walicheka kicheko kikubwa, cha nchi nzima, kile kilichopotea tangu Tembo afe. Na mtawala akichekwa hivyo, wajukuu zangu, hawezi tena kusema "msiulize." Chui alitazama huku, akatazama huku, akapanda mti wake. Mpaka leo yuko huko, na chakula chake bado anakificha.

Kibanda kikavunjwa, vyungu vikafunguliwa kimoja kimoja uwanjani, mbele ya wote. "Mmesikia?" "Tumesikia!"

Lakini Kakakuona alikuwa anaondoka. Bi Paa akamkimbilia.

"Shoga, unakwenda wapi? Twende chemchemini kama zamani."

"Niliapa, shoga."

"Uliwaapia waongo!"

"Wao waongo. Ulimi ni wangu." Akajikunja, akajikunjua, akatazama kule maji yaliko. Harufu yake ilimfikia. "Nilikuwa nayapenda maji yale," akasema. Basi akaingia porini.

Bi Paa alilia siku hiyo kuliko siku zote. Kipaa hakulia. Alikwenda chemchemini, akachota maji kwa kipande cha kibuyu, akakibeba mdomoni polepole maji yasimwagike, akafuata nyayo. Akamkuta Kakakuona amejiviringisha chini ya majani.

"Shikamoo, mama mdogo. Uliapa usikanyage chemchemini. Haya nimeyaleta mimi."

Kakakuona akajikunjua. Akatoa ulimi ule mrefu, akanywa mpaka tone la mwisho. Na Kipaa alipokua aliwafundisha watoto wake kumpelekea maji, na watoto wake wakawafundisha wa kwao.

Ndiyo maana vyura hunyamaza ukikaribia bwawa, wanafikiri umekuja kuuliza nani aliwaletea. Na ndiyo maana Kakakuona akionekana, mara moja kwa miaka mingi, watu hukusanyika wakamwekea mbele yake maji, na nafaka, na mkuki, waone atagusa nini, wajue mwaka utakuwaje. Tunadhani anatabiri. Mama yangu alisema hatabiri chochote, anatazama tu kama kuna aliyemkumbukia maji. Mimi nilimwona mara moja tu, nikiwa kama wewe Mwajabu. Aliyaendea maji, na mama yangu akafuta macho kwa ncha ya khanga akasema ni moshi. Hapakuwa na moto siku ile.

Funzo lake ni hili: anayewaficha watu jambo la uhai wao amewaua kwa mkono wa mwingine. Na anayewafunulia, msimwache akae na kiu.

Chungu changu kitupu. Nani ana kifuniko?

— Umekitupa uani!

Basi kisitafutwe. Na hizo kunde mbona zimepungua kuliko maganda? Nani amekula mbichi? Kimya? Haya, nakwenda kuwauliza vyura.