Afisa Vifaa na Barua Elfu Kumi na Moja

Wapendwa, najua ni saa saba na robo, na harufu ya pilau ya kantini imefika hapa mbele kabla yangu. Sitawachosha. Ila kabla sijaanza, yule mwenye simu mapajani anayejifanya anasoma maandiko, aiweke mfukoni kidogo. Mfano wa leo unamhusu yeye, na unanihusu mimi pia.

Palikuwa na dada mmoja, afisa vifaa wa shirika la kuchimba visima, ofisi ya Singida. Kazi yake ilikuwa mabomba, pampu, matairi ya gari na kila kitu chenye tabia ya kuharibika. Alikuwa mchapakazi hasa, hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Lakini mumewe na mtoto wao wa miaka mitatu walikuwa Iringa, na yeye aliwaona mara moja kwa mwezi, tena begi likiwa mlangoni. Majirani wakimuuliza mtoto mama yako yuko wapi, alikuwa anaweka kiganja sikioni na kusema, "Mama wa simu." Watu walicheka. Dada huyu naye alicheka, kisha akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia.

Basi mwezi wa Novemba akamwandikia mkurugenzi wao barua pepe kule makao makuu, akaomba ahamishiwe Iringa. Aliituma, akafumba macho, akasali. Halafu akaanza kusubiri.

Sasa niwaambie alivyokuwa anafanya kazi, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Ofisi ile ilikuwa na desturi kwamba hakuna jambo linaloandikwa kwa mtu mmoja. Dereva akiomba tairi, nakala anampa kila mtu, ili kesho asije mtu akasema hakuambiwa. Na kila aliyepata nakala aliona kunyamaza ni utovu wa adabu, kwa hiyo alijibu, tena aliwajibu wote. "Imepokelewa." "Nimeona." "Ahsante kwa taarifa." "Ubarikiwe." Tairi moja likazaa barua kumi na tisa, na gari bado limeegeshwa. Nyie mnaocheka, mnacheka kwa sababu mnajijua.

Dada yetu alikuwa na dawa yake. Akifungua barua akaona inataka kufikiri, alijiambia, "Hii nitairudia." Na ili isipotee, aliirudisha ionekane kama haijasomwa, kwa yale maandishi meusi yaliyokolea. Kesho yake aliifungua tena, akaisoma tena mwanzo hadi mwisho, akaguna, akairudisha tena. Kuna barua aliyoisoma mara saba bila kuijibu. Hata za mambo yaliyokwisha hakuzifuta, maana huwezi jua. Ilipofika Mei alikuwa na barua elfu kumi na moja na mia nne zinazodai hazijasomwa. Alifika ofisini kabla walinzi hawajapokezana zamu, akatoka jua limezama, na mumewe akimuuliza kwenye simu amefanya nini siku nzima, alijibu kwa ukweli kabisa, "Nilikuwa nasoma barua."

Na kila siku alimlalamikia Mungu. Kwanza kwa upole, halafu bila upole. "Miezi sita naomba. Hata neno 'hapana' sistahili kuambiwa?" Alimkumbusha mkurugenzi mara mbili kwa maandishi. Kumpigia simu mkubwa kwa shida yako binafsi aliona ni kukosa heshima, kwa hiyo hakupiga. Badala yake akaanza kumchukia kimya kimya. Kwenye mkutano wa wafanyakazi mtu aliposimama kumsifu mkurugenzi kuwa ni msikivu, dada yetu aligeuka akatazama dirishani.

Siku moja sanduku lake la barua likajaa. Barua mpya zikawa zinarudi kwa waliozituma. Fundi wa pampu wa kijiji kimoja aliandika mara tatu, mara tatu ikarudi, na watu wa huko wakakaa siku nne bila maji ya bomba. Hapo bosi wake akamwita fundi wa kompyuta, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yule mama alitazama skrini kwa muda, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa stoo ya jirani.

"Mwanangu, hizi zote ni nini?"

"Ni kazi, mama. Nina kazi nyingi mno."

"Kazi zako humu hazifiki hamsini. Nyingine zote unazifuga tu kwa sababu unaogopa kuzifuta."

"Nikifuta, halafu ikahitajika?"

"Hii ya chai ya kikao cha mwaka juzi, ilihitajika lini mara ya mwisho?"

Yule mama akavuta kiti, akaketi.

"Nisikilize. Barua ukishaifungua, usiifunge kabla hujaiamulia. Kama jibu lake ni la dakika mbili, jibu hapo hapo, yaishe. Kama inataka muda, ipangie siku, uitoe hapa uiweke kwenye folda yake. Kama haikuhusu, ifute na usiionee huruma. Na usishinde unachungulia kutwa nzima. Chungulia asubuhi, chungulia saa nane, basi, katikati ufanye kazi uliyoajiriwa kuifanya. Lakini hilo la kuirudisha kama hujaisoma, liache leo. Umeisoma. Unamdanganya nani?"

Wakaanza kufuta. Mwanzoni alifuta moja moja. Zikaondoka za matairi, zikaondoka za chai, zikaondoka salamu za sikukuu tatu zilizopita. Kufika saa sita alikuwa anafuta kwa furaha, mabega yameshuka, anahema kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Alijishangaa kwamba kitu chepesi hivi kilikuwa kimemlemea mwaka mzima.

Ndipo wakafika kwenye rundo moja lililoitwa Choo cha Wageni Kimeziba. Barua arobaini na tatu, chini ya kichwa kimoja. Choo chenyewe kilizibuliwa Januari, lakini ofisi nzima ilikuwa haijamaliza kumpongeza aliyekizibua. Dada alikuwa amekipita kichwa kile kila siku kwa miezi, akiona idadi inaongezeka, akisonya.

"Hili la choo lilikwisha zamani," akasema, kidole tayari.

"Hata marehemu hufunuliwa uso kabla ya kuzikwa," yule mama akamwambia. "Fungua ya mwisho kwanza."

Akafungua. Ilitoka kwa mkurugenzi.

Wapendwa, yule mkurugenzi naye alikuwa na kasoro yake, hakuwahi kujifunza kuanzisha barua pepe mpya. Akitaka kumwandikia mtu, alitafuta barua yoyote iliyo juu yenye jina la mtu huyo, akabonyeza jibu, akaandika la kwake. Na ya juu kila siku ilikuwa ni ya choo. Alikuwa ameandika hivi: "Dada, hii ni mara ya tatu nakujibu. Ombi lako la Iringa nililikubali tangu Februari. Mbona unazidi kuuliza, lakini neno hunipi? Nafasi nakushikia mpaka mwisho wa mwezi huu wa Mei. Ukinyamaza, nitajua hutaki tena."

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Dada aliisoma, akaisoma tena. Akashusha chini, akazikuta nyingine mbili, moja ya Februari, moja ya Aprili. Miezi mitatu alikuwa anamchukia mtu aliyekwisha kumkubalia. Alisahau adabu yote ya wakubwa na wadogo, akachukua simu akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajitaja. "Nimeliona jibu lako leo, mzee. Nisamehe. Lilikuwa chini ya choo."

Upande wa pili mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilijibu pale nilipoona jina lako, mwanangu. Sasa, unakwenda au huendi?"

"Nakwenda, mzee."

"Basi andika, liwepo kwenye kumbukumbu."

Akaandika neno moja, "Nakwenda." Haikupita dakika, mkurugenzi akajibu, "Imepokelewa." Lile neno alilolichukia mwaka mzima. Machozi yalimtoka, akacheka humo humo, na barua ile hakuifuta. Siku hiyo alitoka ofisini saa kumi, jua bado liko juu, akapiga simu Iringa. Mtoto akapokea. "Mwambie baba," akasema, "mama wa simu anakuja na mabegi yote."

Sasa tuje kwetu sisi.

Ni mara ngapi tumemwambia Mungu, "Kwa nini hujibu?" Na Yeye ameshajibu, tena zaidi ya mara moja, ila jibu limekaa chini ya jambo lililokwisha siku nyingi ambalo sisi hatutaki kulizika? Ndugu yako alikukosea, ukamsamehe, mkashikana mikono mbele ya wazee. Asubuhi unaamka unalirudisha kama halijasomwa, kwa maandishi meusi yaliyokolea. Unalisoma tena mwanzo hadi mwisho, unaguna, unalirudisha. Mwaka wa saba huu. Umelisoma, mpendwa. Unamdanganya nani?

Na labda kuna kheri uliyoiomba kwa machozi, Mungu amekuletea kupitia kwa huyo huyo ndugu, chini ya hicho hicho kichwa cha habari ambacho kila ukikiona unasonya. Nasema labda. Nenda kafungue ya mwisho, uone.

Mimi niliyesimama hapa nina barua ya dada yangu tumbo moja. Nimeifungua mara nne tangu Pasaka. Nikaifunga. Nimekuwa nikijiambia nina kazi nyingi ya Bwana. Kazi gani ya Bwana hiyo, inayomwacha dada yangu akisubiri?

Basi sitaomba sala ndefu leo. Pilau itapoa, na itapashwa moto tena. Ile simu niliyosema iwekwe mfukoni, na zenu zote, zitoeni. Kila mmoja wetu anamjua mtu anayesubiri neno lake, naye anajua amemficha chini ya nini. Mwandikieni sasa hivi. Mimi naanza na dada yangu, kisha tutasema amina pamoja.