Tajiri Aliyedai Arudishiwe Kihispania

Palikuwa na tajiri mmoja, Khelef bin Zahor, aliyejitangaza kuwa Kihispania chote cha mji ule ni mali yake. Ndiyo, lugha! Wenzake wanamiliki mashamba, yeye anamiliki maneno ya watu. Alinunua mnadani kitabu kimoja cha Kihispania kilichoraruka, akafungua darasa na kutaja ada: mbuzi mmoja kwa kila herufi. Meli za Wahispania zilikuwa zikija kununua karafuu, na kila mtu alitaka kuuza bila dalali, basi watu wakapeleka mbuzi. Mwenye mbuzi wanne alijua herufi nne, akarudi kwake anatembea kisomi. Miaka miwili ikapita, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwamkia baharia.

Mize binti Faki hakuwa na mbuzi. Alikuwa dobi wa mabaharia. Baharia akileta nguo, Mize analiinua shati: "Hili kwenu mwaliitaje?" Asipoambiwa, hafui. Akiambiwa, naye humfundisha baharia jina la nguo hiyo kwa Kiswahili, hakuna anayemdai mwenzake. Kuhesabu alijifunza kwa vifungo vya makoti. Neno la leo hulisema kutwa nzima huku anasugua, kesho analitamka mbele ya wenyewe. Akikosea wanamcheka, naye anacheka, analirudia. Haukupita mwaka akawa anagombana nao kwa Kihispania, tena anawashinda. Majirani wakajaa uani kwake, wanafua na kujifunza, bure bilashi. Darasa la Khelef likabaki na mbu.

Tajiri akaenda kushtaki kwa kadhi, na hakwenda mikono mitupu. Mize akaitwa. Akafika barazani na povu mikononi, na nusu ya mji nyuma yake.

"Mwanamke huyu ana Kihispania ambacho hakukinunua kwangu," akafoka Khelef. "Ni cha wizi! Akirudishe chote, au ahame mji huu!"

Kadhi alikuwa bado midomo inang'aa mafuta ya pilau ya Khelef. "Umesikia, dobi? Usiporudisha kabla ya alasiri, fungasha."

Moyo ukampasuka Mize. Mji ule ndimo alimozaliwa, mama yake kazikwa pale, na nje yake hana hata mtu wa kumkaribisha maji. Lakini alipolitazama lile tumbo la Khelef lililoshiba mbuzi wa maskini, hasira ikaipiga kikumbo hofu.

"Bwana Khelef," akasema, "Kiswahili chako ulikipata kwa nani?"

"Kwa mama yangu. Kwani vipi?"

"Ulimpelekea mbuzi wangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Khelef akavimba. "Usinichezee! Rudisha mali yangu!"

"Narudisha, baba, nani kakataa? Lakini, bwana kadhi, mali ya wizi hukabidhiwa mwenyewe. Nisije nikampa huyu maneno ya watu wengine, kesho wakanigongea mlango. Nikiyatoa, ayatambue, tena aape kuwa ni yake."

"Hiyo ni haki," akasema kadhi. "Khelef, utaapa?"

"Hata mara mia! Mwalimu mzima nishindwe kuitambua mali yangu?"

Mize akafuta mikono kwenye kanga. Akasema taratibu, wazi, kila mtu asikie: "Soy un ladrón. Comí las cabras de todos. No sé español."

Baraza likalipuka kwa vicheko. Khelef hakuambulia kitu, ila lile neno la mwisho alikuwa ameliona juu ya jalada la kitabu chake. Akadhani wanamcheka Mize kwa kushindwa. Masikini, kichwa kile kilikuwa cha kuvalia kilemba tu!

"Mmesikia? Español!" akapiga kelele. "Wallahi hayo ni yangu! Herufi kwa herufi!"

"Yote?" akauliza Mize.

"Yote! Hakuna hata moja la mtu mwingine!"

Mlangoni, askari wa kadhi mwenyewe alicheka hadi rungu likamponyoka.

"Wewe Shaame, una wazimu?" akauliza kadhi.

"Unisamehe, bwana. Nami huenda uani kwa Mize kila Ijumaa."

"Kumbe! Haya, maneno yale maana yake nini?"

Shaame akaokota rungu lake. "Maana yake, bwana: 'Mimi ni mwizi. Nimekula mbuzi wa watu wote. Kihispania sikijui.'"

Khelef akaruka kama aliyekalia siafu. "Kanitukana! Kadhi, kanitukana mbele ya mji! Mfunge!"

Kadhi akamgeukia Mize, macho yamemtoka. "Wewe dobi! Umethubutu kumwita tajiri mwizi?"

"Mimi, bwana kadhi?" akasema Mize. "Mimi sina neno langu hapa. Muulize mwenye maneno. Si huyo, kaapa mbele yako!"