Nani Kamshika Kitone Mkia?

Paukwa!
Pakawa!
Palipokuwa pakavu?
Pakalowa!
Na anayesimulia?
Mwongo!
Ahsanteni, naona mnanifahamu. Basi sogeeni, msinikalie mbali kama nina homa.

Hapo kale, mtoni penye matete, alikaa Fisi Maji na mwanawe mmoja, Kitone. Mnamjua fisi maji? Si fisi yule wa kucheka vichakani. Huyu ni mnyama mdogo, manyoya laini, mkia mnene. Kazi yake kuogelea, na akichoka hupumzika kwa kuogelea. Sasa Kitone, mtoto wa watu, alikuwa na tatizo moja dogo tu. Aliogopa maji.

Aliogopa maji ya mto, aliogopa maji ya mvua, hata umande alikuwa anauruka. Siku mama yake alipomtupa mtoni ili azoee, chubwi! maji yakamwingia puani, na tangu hapo akawa mtu wa ukingoni, akivikagua vidole vyake vya miguu kama vyote ni vikavu.

Habari zikamfikia Fisi, yule mkubwa mwenyewe, mwenye tumbo lisilojua kushiba. Akaja, kichwa upande, meno nje.

"Hodi, dada! Mjomba wa mtoto nimefika."

"Mjomba wa wapi?" Mama Kitone akashtuka.

"Wewe unaitwa nani?"

"Fisi Maji."

"Na mimi?"

"Fisi."

"Basi! Tumepishana maji tu. Na mtoto huyu maji hana. Fisi maji ukimwondolea maji, anabaki nani? Fisi! Wangu huyo. Nawapa siku tatu. Asipoogelea, namchukua nikamlee mwenyewe."

Akameza mate, gudu! Kitone akaliona lile koo likipanda na kushuka, akajua atakakolelewa.

Fisi alipoondoka, mama akaanza kulia. Matete yakatikisika, akatoka Chura, mdogo kama tonge, mdomo mpana kama kikapu. Watoto wote wa mtoni walimwita Shangazi.

"Dada, nenda kavue mto wa juu, mchana kutwa, siku zote tatu," akasema Chura. "Ukikaa hapa na macho hayo, mtoto atayaogopa macho kabla ya maji. Niachie mimi."

Siku ya kwanza, Kitone akaingia maji ya kucha. Akatoka mbio. Akaingia maji ya goti. Akatoka mbio, akitetemeka ta-ta-ta.

"Nitazama, Shangazi."

"Utazama, ndiyo," Chura akasema. "Labda ushikwe mkia. Aliyeshikwa mkia hazami. Hiyo ndiyo dawa ya ukoo wetu."

"Shangazi, wewe huna mkia."

"Niliutumia wote nikijifunza. Usinibishie, mwanangu, ingia."

Siku ya pili, maji ya tumbo. Kitone akahisi kitu kimegusa mkia wake. Akafumba macho, akanyanyua miguu, chapa-chapa-chapa!

"Shangazi, umenishika?"

"Nimekushika!"

"Mkia?"

"Mkia!"

"Usiniachie!"

"Nikuachie niende wapi?"

Chapa-chapa-chapa! Kitone hakugeuka nyuma hata mara moja. Angegeukaje? Shingo ilikuwa imekakamaa kama mchi. Lakini alikuwa anaelea, na hofu ya jana, akiitafuta kifuani, anaikuta nusu.

Huko matetini kulikuwa na macho mawili makubwa. "Kumbe ni kushikwa mkia tu!" Fisi akajisemea. "Na mimi siku zote nanawa miguu kwa mbali!"

Siku ya tatu Fisi akaja kumchukua mpwa wake. Kitone akajificha nyuma ya Chura, yaani akabaki nje mzima, maana Chura mwenyewe tonge.

"Karibu, mjomba mtu," Chura akasema. "Desturi ya huku, mjomba hutangulia majini, mpwa hufuata. Kama ni mjomba kweli. Isitoshe, pale katikati pana kambare, mnene, anashindwa hata kugeuka."

Gudu! "Na mkia wangu?"

"Nitaushika mimi."

Fisi akaingia. Maji ya kucha, akacheka. Maji ya goti, akacheka. Maji ya tumbo, akalamba midomo. Hatua moja zaidi: TUMBWI!

"Nishike! Blu-blu-blu! Nishike!"

"Nimekushika!" Chura akajibu, akiwa juu ya jani anakula mbu.

"Nazama! Niokoeni!"

"Fisi maji anazamaje? Kwani wewe fisi gani?"

"Fisi mkavu! Blu-blu! Mkavu kabisa!"

"Na mtoto huyu ni nani yako?"

"Simjui! Sijawahi kumwona! Niokoeni!"

Kitone aliyasikia yote, lakini kubwa alilosikia ni lile blu-blu. Aliijua ladha ya maji ya puani. Akaliona gogo kavu ukingoni, akalisukuma majini, naye akaingia nyuma yake. Chapa-chapa-chapa! Maji ya tumbo yakapita. Maji ya kichwa yakapita.

"Shangazi, umenishika?"

"Nimekushika!"

"Mkia?"

"Mkia!"

Fisi akalikumbatia gogo, Kitone akalisukuma hadi ng'ambo. Fisi akatoka amelowa chapachapa, hakushukuru, akatimua mbio mpaka leo. Ndipo Kitone akagundua jambo. Ile sauti ya Shangazi ilikuwa imetoka mbali sana. Akageuka. Nyuma yake maji matupu. Chura yuko kulekule juu ya jani, mikono tumboni, anacheka.

"Shangazi! Umeniachia tangu lini?"

"Tangu jana, mwanangu. Niliugusa mara moja tu. Mkia wenyewe una utelezi ule, mimi ningeushika na nini?"

Kitone akataka kukasirika. Akataka pia kuzama kidogo, kwa heshima ya uongo ule. Vyote vikamshinda. Mwili unaelea tu.

Mama aliporudi na samaki wake, alimkuta mwanawe katikati ya kilindi, anapiga mbizi.

"Kitone! Toka majini, utapata mafua!"

"Bado kidogo, mama!"

Na hiyo bado kidogo, nasikia, haijaisha.

Funzo ni hili, watoto: kusema uongo ni vibaya sana, hasa mtoni. Nanyi wazazi, mtoto akijifunza kuogelea, mshikeni mkia. Hana mkia? Mwambieni mmeushika.

Hadithi yangu imefika ng'ambo. Aliyebaki ukingoni aingie, nimemshika.